Luva za Uchochoro wa Haldar

Glasgow, 16 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Sikukuu imekwisha, sanamu ya Mama Durga imeshazamishwa mtoni, nasi tuliobaki nchi kavu tunaandikiana. Nihesabu kuwa nimeinama nikagusa miguu yako, ingawa mgongo wangu siku hizi unainama kwa masharti. Mjukuu wako Mitul anakusalimu. Mwaka huu alitaka kujifunza vidonge vitamu vya nazi ulivyokuwa ukinifinyangia mimi; vyake vimekataa kushikana, tukavila kwa kijiko.

Hapa mvua haijui kwamba sikukuu imepita. Bado nafundisha kuchora pale shuleni. Watoto wa mwaka huu wanachora vizuri na hawasikii lolote. Jharna, huyo mtunzaji wako, ameniambia kwa simu kwamba unakula vijiko viwili na kutangaza umeshiba. Kwa kuwa masikio yako hayataki tena simu, nakukemea kwa maandishi: kula.

Nimepata barua ya lile jumba la sanaa la hapo kwenu. Wanafungua maonyesho mwezi wa Februari na wanataka kuionyesha tena kazi yangu ya luva, yale madirisha ya vibao ya uchochoro wetu, nami nisimame kando yake niseme maneno. Nimewajibu kwamba nina shule. Sitakuja. Nakuomba usinisihi.

Wako,
Saurin


Kolkata, 11 Novemba 2024

Saurin, baba,

Barua yako imefika, nimeiweka chini ya mto kama msichana aliyeposwa. Baraka zangu kwako, kwa Mitul na kwa mama yake. Mimi nipo. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nikamwambia una haki ya kuchoka, ulianza kazi Waingereza hawajaondoka. Jharna ananilisha kwa ugomvi. Jana kaniambia, "Ukifa na njaa, Shangazi, watasema mimi ndiye niliyekula." Nikala.

Banda letu la kumweka Mama mwaka huu lilikuwa la chupa za plastiki, eti bahari inalia. Potla ndiye katibu wa klabu ya mtaa sasa, na tumbo limemtangulia cheo. Watu walikuja, wakapiga picha, wakaenda banda la jirani. Hatukupata tuzo. Hatujapata tuzo tangu banda lako.

Ulinikataza nisikusihi, basi nakupa habari tu. Msimamizi wa maonyesho alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuja na mpiga picha, akataka kuziona nyumba zilizotoa luva. Nilimwonyesha kutoka roshanini. Nyingine zimeshavunjwa na kuota maghorofa, zilizobaki zina madirisha ya alumini yanayong'aa kama meno ya bandia. Akasikitika sana. Tangu magazeti yalipoandika, wageni wanaingia uchochoroni na kamera wakiuliza luva ziko wapi. Jharna huwajibu, "Nendeni mkazikatie tiketi."

Unakumbuka ilivyokuwa. Kila nyumba ilitoa luva zake za kijani, za enzi za babu, na wewe ukazisimamisha moja juu ya moja mpaka uchochoro mzima ukawa dirisha moja kubwa. Mtu akivuta kijiti, uso wa Mama ulifunguka vipande vipande: jicho, pua yenye kipini, jicho la pili. Foleni ilifika barabara kuu. Wazee walitoka mitaa ya kusini, ambao hawajawahi kuvuka kuja kwetu, wakasimama wakalia kwa sababu waliisikia milio ya madirisha ya utotoni mwao. Mimi nilifundisha sanaa maisha yangu yote, na siku zile ndipo nilipoona jiji likijitazama usoni.

Maonyesho wameyaita Uso wa Kolkata. Njoo, baba. Yale mengine watu wameshayasahau.

Shangazi yako,
Hemnalini


Glasgow, 29 Desemba 2024

Shangazi,

Heri nyingi. Sote tu wazima. Mitul alikuwa na mafua, yamekwisha. Barua yako ilifika zamani. Mimi ndiye niliyechelewa.

Unasema wameshasahau. Nikukumbushe ninachokumbuka mimi. Tulirudi kutoka mtoni tumelowa, sauti zimetukauka kwa kuimba, tukakuta uchochoro mtupu. Mianzi imesimama, luva hakuna hata moja. Watu walikuwa wamepanga kesho yake kila mmoja achukue zake arudishe dirishani, kama inavyokuwa baada ya kila sikukuu: banda huvunjwa, kitu hurudi kwa mwenyewe. Wakaniuliza mimi. Wewe ulikuwa roshanini. Ulisema, "Muulizeni Saurin, kazi ni yake."

Halafu ikaja Januari na ukungu wake, na magunia yametundikwa madirishani kwa Mzee Bhuban, na kifua chake ulivyokuwa unakijua. Akafa. Siku kumi na tatu baada ya mwili wake kuchomwa kwa desturi yetu, Potla akiwa amenyoa kichwa kwa ajili ya baba yake, alinipiga kofi mbele ya klabu nzima. Potla niliyelala naye kitanda kimoja tangu tunanyonya vidole. "Muuaji. Umemuuza baba yangu kwenye makumbusho," alisema. Mwezi ule ule niliondoka.

Hapo mtaani mimi ndiye mwizi wa luva, Shangazi. Nisimame wapi, niseme maneno gani?

Umeniandikia habari za tumbo la Potla. Hukuniandikia Potla anasema nini.

Saurin


Kolkata, 20 Januari 2025

Saurin, baba,

Baraka zangu. Mitul apakwe mafuta ya haradali ya moto kifuani, hata kama mama yake atalalamikia harufu. Ukungu umeshuka wiki nzima, toka hapa sioni nyumba ya pili. Jharna amenivisha soksi mbili na kofia ya nyani inayofunika masikio, naonekana kama mwizi wa kuku. Daktari alikuja juzi. Safari hii hakutania, akazungumza na Jharna mlangoni akiwa amenipa mgongo. Mimi ni kiziwi lakini migongo naisoma.

Nimeandika barua hii mara nyingi kichwani, na kila mara ilitoka nzuri mno. Nimeamua kuiandika vibaya.

Luva niliziondoa mimi.

Mwenye jumba la sanaa alikuja siku ya nane ya sikukuu, akasimama kwenye foleni kama watu wengine. Alipotoka alikuja kwangu akaniuliza kazi ile itakuwa ya nani baada ya sikukuu. Nikamwambia haitakuwa ya mtu, itavunjwa. Akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jiji lisilotunza kazi zake halina uso. Leo utakubali uso huu ukarudi kuzuia mvua?" Mwanangu, hakuna mtego ulio mtamu kama maneno yako mwenyewe. Nilijua nikikuuliza utakataa, kwa sababu uliwaahidi watu. Nilijua nikiwauliza watu watakataa, kwa sababu dirisha ni dirisha. Basi nikamwambia alete malori alasiri ya kuzamishwa, mtaa mzima ukiwa mtoni. Nilisimama roshanini nikawaelekeza wapakiaji, nikiwaambia polepole, polepole, hiyo ina chaki nyuma, msiifute. Kila nyumba ilikuwa imeandika namba yake kwa chaki ili isipotee.

Nilijiambia watu watakaporudi mioyo yao itakuwa laini. Siku ile kila mtu anakumbatia hata adui yake, watoto wanagusa miguu ya wakubwa, peremende zinapita. Siku ile tunampa mto sanamu nzuri kuliko zote bila kulalamika. Nikadhani watu wanaoweza kumtoa Mama wataweza kutoa mbao. Nilisahau kwamba Mama tunamtoa kwa mikono yetu, kwa hiari yetu.

Waliporudi nikaona nyuso zao, nikaogopa. Jina lako ndilo lililokuja mdomoni. Nilidhani watakusamehe wewe upesi kuliko mimi, wewe kijana, wewe msanii, umewaletea tuzo. Kesho yake nilipanga kusema. Kesho yake haikusemeka. Nawe hukuuliza. Ungeniuliza hata mara moja ningesema. Lakini ulinitazama tu, ukala wali wako.

Kuna lingine. Luva zangu sikuzitoa. Unakumbuka nilikupa zile za stoo, zilizokuwa zimeoza pembeni. Za vyumba vya mbele nilisema bawaba zimekwama. Hazikukwama. Wageni wanaokuja sasa wanapiga picha madirisha yangu, wanasema hii ndiyo nyumba iliyojitunza. Kila ukungu unaposhuka nazifunga, kunapata joto, na kutoka ng'ambo nilikuwa nikimsikia Bhuban akikohoa nyuma ya gunia. Nilimpelekea blanketi. Blanketi, Saurin. Alinishukuru kwa kuinua mikono miwili.

Sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu muda umekuwa mfupi, na sitaki lawama hii ubaki nayo wewe.

Hemnalini


Glasgow, 12 Februari 2025

Shangazi,

Nimeisoma. Salaam zako zimefika kwa Mitul.

Kwa sasa sina ninachoweza kukuandikia isipokuwa swali moja. Potla umemwambia?

Saurin


Kolkata, 20 Machi 2025

Saurin, baba,

Salaam na baraka. Kama mwandiko umebadilika, ni wa Jharna. Vidole vyangu vimevimba, mimi nasema na yeye anaandika, na akiona neno halifai ananigomea. Tayari amegomea matatu. Amesoma mpaka darasa la nane na ana maoni.

Kwanza, maonyesho. Walinibeba kwenye kiti mpaka ndani. Ukumbi ni wa baridi, taa zinatoka sakafuni, na kazi yako imesimama peke yake na kamba mbele yake ili mtu asiiguse. Vijiti havivutwi. Nilimwomba mwanafunzi wangu avute kimoja tu nisikie, nikamwambia nikisogeza sikio nitasikia. Alikataa kwa adabu nyingi. Nikamweleza zilivyofika pale, nikamwomba zirudishwe uchochoroni. Akaniambia kazi hii sasa ni ya jiji zima, Mwalimu, haiwezi kuwa tena ya nyumba fulani na fulani. Niliyatambua maneno yale. Ni yangu, nilimfundisha mimi.

Sasa Potla. Swali lako lilifika mwisho wa Februari, na mimi nikawa kila siku na sababu: leo ana wageni, leo mimi nina homa. Ikafika sikukuu ya kupakana rangi. Akapanda ngazi asubuhi kama kila mwaka, anahema, na sahani ya unga mwekundu mkononi, akainama anipake miguuni. Nikaivuta miguu.

"Shangazi! Umechukia nini? Au rangi ya mwaka huu si ya hadhi yako?"

"Usiniguse miguu mpaka nimesema."

"Sema basi, mgongo huu ukishainama hausubiri hotuba."

Nikamwambia. Nilisema kwa maneno machache, Saurin hakuchukua luva, niliita malori mimi, nyinyi mkiwa mtoni. Alicheka. Akageuka: "Jharna, umempa dawa zake leo?"

Jharna akamjibu (na hapa anaandika kwa furaha kabisa), "Kanywa zote. Akili yake ni nzima kuliko hiyo yako. Msikilize."

Alinyooka polepole. Unga umo kiganjani.

"Mimi nilimpiga Saurin kofi," akasema. "Mbele ya watu wote. Nikamwita muuaji."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo." Akaonyesha roshani.

"Nilikuwa nimesimama."

"Ukatazama."

"Nikatazama, Potla."

"Mama yangu alikuwa anakuletea mchuzi wa samaki kila Jumapili. Mpaka anakufa. Anasema maskini Mwalimu, mtoto aliyemlea amemtia aibu. Ukawa unakula?"

Nikasema nilikuwa nakula.

Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaondoka, ngumi imefumbwa, na alipokuwa anashuka aliufuta ule unga ukutani. Alama iko pale. Nimemkataza Jharna kuifuta.

Jioni nilibebwa mpaka mlangoni kwa klabu nikawaambia wengine. Hilo ndilo lililoniumiza kwa namna ambayo sikuitarajia. Hawakujali! Vijana waliuliza luva ni kitu gani. Mzee mmoja akasema, "Shangazi, zingekuwepo tungeshaziuza kwa wanaopamba mahoteli. Acha, kunywa chai." Wakaniletea chai na biskuti. Nimekaa na dhambi hii robo karne, nao wakaipokea kama habari ya bei ya viazi. Potla peke yake hakuwepo. Duka lake la dawa limefungwa tangu siku ile, na dawa zangu Jharna anazifuata barabara kuu.

Kwa hiyo jina lako ni safi sasa. Nilichelewa mno, lakini ni safi. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nimeelewa.

Shangazi yako

(Mimi Jharna naongeza: hataki kula kabisa. Daktari anasema amebakiwa na wiki, si miezi. Nilimwomba niandike hili akasema nisiandike.)


Glasgow, 3 Aprili 2025

Shangazi,

Nakuinamia. Mwambie Jharna ahsante kwa mstari ule wa mwisho, na akusomee hii polepole, ninyi wawili tu, mlango ukiwa umefungwa.

Potla amenipigia simu. Nilikuwa darasani, nikatoka hadi kwenye korido. Sikuitambua sauti, halafu nikaitambua. Hakunisalimu. Alisema, "Nipige na wewe. Njoo unipige, mbele ya haohao." Kisha akalia, Shangazi. Mwanaume wa umri ule, baba wa watoto, analia kwenye simu, na watoto wa shule wanapita mbele yangu na mikoba. Akaniomba radhi kwa kofi, kwa neno muuaji, kwa kila mwaka ambao hakunijibu nilipomwandikia heri za sikukuu. Nikamwambia yamekwisha. Nikamwambia nimesamehe.

Niliipokea radhi ile. Nimeshindwa kulala nayo, na sasa naona sina budi kukuandikia kitu ambacho sikukiandika hata ulipoandika cha kwako.

Alasiri ile nilirudi. Tulikuwa tumefika nusu ya njia ya mtoni, betri ya kamera ikaniishia, nikakimbia nyumbani kuchukua nyingine. Nilipofika kona, kwenye kibanda cha muuza tambuu, nikaona lori. Nikaona luva za nyumbani kwa Potla zinapandishwa. Nilizijua kwa ule ubao mmoja wa kahawia aliouweka Mzee Bhuban mwenyewe. Nikakuona wewe roshanini unaelekeza kwa mkono. Ungegeuza kichwa kidogo ungeniona.

Ningeweza kupiga kelele. Wapakiaji walikuwa wanne, mtaa ule ni wangu, sauti ninayo. Nilisimama nyuma ya kibanda, na nitakuambia nilichokuwa nakifikiri, kwa sababu nakikumbuka neno kwa neno: wanaipeleka kwenye jumba kubwa, haitavunjwa, itakuwa na jina langu. Nilifurahi. Moyo ulinidunda kwa furaha mpaka nikashika ukuta. Halafu nikarudi mtoni bila betri, nikacheza mbele ya Mama kuliko wote. Potla alinibeba mabegani.

Ulipotaja jina langu mbele za watu, nilishtuka, lakini hukusema uongo mtupu kama ulivyodhani. Nilinyamaza, na kila mtu akadhani nimekiri. Wewe ulidhani nakulinda. Mimi nami nikaja kudhani hivyo, huku mbali, mwaka baada ya mwaka: nimembebea shangazi yangu mzigo wake. Ulinifaa sana mzigo huo. Nilikuwa nikikukasirikia, na kukukasirikia kulikuwa rahisi kuliko kukumbuka kibanda cha tambuu. Tangu hapo sijatengeneza kazi hata moja, na watu hapa hudhani ni kwa sababu ya uhamiaji.

Sasa umesimama mbele ya mtaa mzima ukanisafisha, na Potla amelia masikioni mwangu kwa ajili ya mtu asiye na kosa. Baba yake alikufa nyuma ya gunia, na mimi nilikuwa na nafasi ya kuzuia, na nilikuwa na umri wa kutosha.

Nimekata tiketi. Natua tarehe kumi na moja, asubuhi. Usinitumie mtu uwanjani na usinisubiri na wali mezani. Nitakwenda kwanza dukani kwa Potla, na kama bado amefunga nitamgongea nyumbani, nimwambie nilikuwa wapi wakati lori linapakiwa. Usimtayarishe. Usimwambie kwamba nakuja, wala Jharna asimdokeze. Anipokee akiwa ameridhika na mimi, nami nimvunjie ridhaa hiyo mwenyewe, usoni kwake, nikiwa karibu na mkono wake.

Nikitoka kwake nitapanda kwako. Sijui nitapanda nikiwa na uso gani. Kama nitakukuta, nitakaa nawe mpaka mwisho, na tutazungumza au hatutazungumza, kama utakavyotaka. Kama sitakukuta, basi ujue barua yako ya Januari niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na koti mwilini, na nilipofika pale uliposema hukutafuta kusamehewa, nililia, kwa sababu mimi nilikuwa nautafuta msamaha, na nilikuwa nautaka kutoka kwako, mtu ambaye nilikuwa nimekuachia lawama yote.

Jambo moja tu nakuomba. Potla akija kwako kabla yangu na kukuuliza tena kama kweli mimi sikujua, usinitetee.

Saurin